Mguu wa Fundi Paa

Pini ilipozama kwenye unyayo wake, Fundi Paa alitabasamu.

"Husikii kitu, baba mkubwa?" aliuliza binti wa mdogo wake, aliyepiga magoti miguuni pa kitanda.

"Nisikie nini, Profesa? Huo ni gogo tu. Mngekuwa na jiko la kuni mngeupikia."

Uprofesa ulikuwa utani. Binti bado alikuwa anasomea tiba ya viungo chuo kikuu, na likizo hii alitakiwa apate mgonjwa mmoja, amfanyishe mazoezi, kisha arudi akawaeleze walimu alichofanya. Amtafute nani mwingine, na baba yake mkubwa amelala hapo mwaka wa pili sasa, mguu wa kulia umekufa?

Ila haukuwa umekufa. Haukuwa hata na mafua.

Kuanguka alianguka kweli, kutoka juu ya paa, na mguu ukavimba kweli. Baada ya siku chache uvimbe ukashuka, lakini supu za kitandani zikawa bado zinapanda. Mlamba asali halambi mara moja. Akasema mguu hauinuki. Mkewe akalia. Majirani wakaja kumwombea, mafundi wenzake wakamletea kiti cha magurudumu kilichofungwa utepe mwekundu, na hapo ndipo alipotambua kwamba amejipigilia misumari ndani. Utasimamaje mbele ya watu waliokwisha kukulilia?

Yeye, ambaye zamani jua likimwacha mtaa huu linamkuta mtaa wa saba, sasa ulimwengu wake ulikuwa dari. Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wanaezeka, na kwa mlio wa nyundo tu alijua bati linakwenda mshazari. Kutoroka dakika mbili akanyooshe miguu? Thubutu. Mkewe, mshonaji, alihamishia cherehani yake kizingitini mwa chumba, "nikusikie ukiita, mume wangu." Viatu vya Fundi aliwagawia watu, maana vya nini tena? Chakula kilifika kwa wakati, mto uligeuzwa, na mama wa watu hakunung'unika hata siku moja. Hilo ndilo lililomtisha Fundi. Akijua ataondoka. Mwanamke gani angebaki?

Kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja tu: Profesa. Fundi angepona taratibu. Leo kidole, kesho kutwa kifundo, na likizo ikikaribia kwisha anasimama, vigelegele vinapigwa, binti anafaulu, na uongo unazikwa bila matanga.

"Sasa tulia." Binti aliingiza kiganja kimoja chini ya kila kisigino. "Inua mguu wa kushoto. Huo mzima. Kwa nguvu!"

Kazi rahisi hiyo. Aliuinua kama askari wa gwaride.

Akasubiri aambiwe sasa wa kulia. Kidole gumba kilikuwa tayari kuchezacheza kidogo, kama mbegu inayochipua. Hakuambiwa. Binti alikuwa amekitazama kisigino cha kulia kama anayesoma saa.

"Rudia."

Akarudia.

"Chuo wametufundisha kitu," binti alisema polepole. "Mtu akiinua mguu mmoja, ule mwingine hukandamiza kitanda bila yeye kujua. Mguu uliokufa haukandamizi."

Fundi alihisi jasho likitambaa nyuma ya shingo. "Na wa kwangu?"

"Umenibana vidole, baba mkubwa."

Njia ya mwongo fupi. Alimshika binti mkono kwa mikono yote miwili.

"Nisitiri, mwanangu. Nimechoka. Ningekuwa jela ningejua natoka lini. Nifanyishe mazoezi yoyote, yawe hata ya kuku, mradi niamke kwa heshima. Lakini mama yako mkubwa asijue. Akijua, nimekwisha."

Binti alijaribu kukunja uso. Ukamshinda, kicheko kikamtoka puani, akakiziba kwa kiganja.

"Baba mkubwa wewe! Ndiyo maana kila nikikubinya unatazama dari kama unahesabu nyota." Akainuka. "Haya. Lakini kabla ya kuanza ni lazima niongee na anayekuuguza, ndivyo tunavyofanya. Nitamwambia tu kwamba tumaini lipo."

"Mungu akupe mume mwenye miguu miwili."

Binti alitoka, akaurudisha mlango. Cherehani ikanyamaza. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye mto, sikio likatangulia.

"Mama mkubwa, nina habari njema. Ule mguu utapona. Pengine hata kabla sijarudi chuo."

Mkasi ulikata uzi.

"Punguza sauti," mkewe alinong'ona. "Ule mguu ni mzima toka zamani. Akisinzia ananipiga mateke kama punda. Mwanangu, tangu anioe sikuwahi kujua mume wangu kalala wapi. Sasa najua. Nani kakutuma umponye?"

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia, macho chini, akalivuta shuka likafunika miguu yote miwili.

"Pole sana, baba mkubwa," alisema, kwa sauti kubwa ya kufika kizingitini. "Usiukanyagie kabisa, mpaka nitakapohitimu."