Sura ya Kaka Kwenye Kanda

Kompyuta ilizima mara ya kumi na moja, na fundi akajua kwamba kanda ile haitavumilia tena mara nyingi.

Ilikuwa kanda ya video ya zamani, utepe wake umeanza kupukutika. Kila ilipochezwa kwenye deki ili inaswe kwenye kompyuta, picha ilizidi kuchujuka. Na kila mara mambo yalikuwa yaleyale: dakika mbili za vicheko vya watoto, kioo cha kompyuta kinageuka bluu, kisha giza.

Yeye ndiye aliyefufua kompyuta za mtaa mzima. Leo mganga hajigangi.

Mama yake alikuwa wodini wiki ya tatu. Tangu juzi alikuwa amekataa kula, na neno lake lilikuwa moja tu: "Nileteeni mwanangu nimwone."

Fundi alimwelewa. Yeye, mtoto pekee aliyesalia, ndiye aliyemlisha na kumwogesha kila siku. Aliyekuwa akiitwa ni kaka yake, aliyekufa maji akiwa na miaka tisa. Sura yake haikubaki popote ila kwenye kanda hii. Jana fundi aliicheza kwenye runinga, akairekodi kwa simu, ikatoka mistari mitupu. Mama aliitazama, akageukia ukutani.

"Simwoni."

Alishabadilisha memori. Alishabadilisha pawasaplai. Alishafuta programu zote akazipanga upya. Wapi. Na asubuhi hii daktari alikuwa amemwambia ajiandae.

Akampigia simu mzee aliyemfundisha kazi, akamweleza yote.

"Ukiichomoa hiyo kadi ya kunasa video, kompyuta inazima?" mzee aliuliza.

"Haizimi, mwalimu. Lakini bila kadi nitainasaje picha?"

"Basi umeshajijibu. Kadi yako na bodi ya hiyo kompyuta haziivi chungu kimoja. Hata ubadilishe vyote vya ndani, zitagombana tu. Itafutie kompyuta ya rika lake."

Stoo kulikuwa na moja kuukuu, aliyokusudia kuiuza kama chuma chakavu. Akaipangusa vumbi, akaipachika kadi, akaisukuma kanda ndani ya deki. Dakika mbili zikapita. Tatu. Hakuthubutu hata kukohoa. Kwenye dakika ya tisa utepe ulikwaruza, picha ikayumba. Picha ikatulia. Kanda ilipofika mwisho alijikuta amekaa sakafuni, analia.

Aliihamishia video kwenye simu, akatoka mbio bila hata kufunga duka.

Wodini alikaa ukingoni mwa kitanda, akaisimamisha picha pale sura ya mvulana ilipoonekana vizuri, meno ya mbele hana, na kabinti kadogo, fundi mwenyewe enzi hizo, kameng'ang'ania shati lake.

"Huyu hapa, mama. Umwone."

Mama aliitazama picha.

"Huyo nilimzika," alisema taratibu. Kidole chake kikasogea juu ya kioo hadi kwa yule binti mdogo, kikakaa hapo. Uso wake wote ukakunjuka, akamgeukia fundi.

"Niitie huyu, nesi. Tangu nilazwe hajaja kuniona hata mara moja."