Kisu Kilichokataa Makali

Kornelio alikibwaga kisu juu ya meza ya duka la ushirika pale Manzese, na watu waliopanga foleni ya sukari wakarudi nyuma.

"Hakikati," alisema. "Nakinoa asubuhi, jioni kimekuwa kijiko. Mmetuuzia bati."

Gozbert, muuzaji wa duka, alikitazama kwanza bila kukigusa. Kilikuwa kimojawapo cha vile visu vya kuwindia vilivyoletwa kutoka Urusi, vya bei nafuu, vyenye mpini wa mti mweupe na ala ya ngozi ngumu. Nusu ya mtaa ilikuwa navyo. Akamjibu kwa upole kwamba malalamiko ameyasikia mengi, lakini hilo ni geni.

Foleni nayo haikunyamaza. Mwanaheri, aliyepanga nyumba moja na Kornelio na kukaanga samaki uani, alisema chake kinashika kutu upesi, usipokipaka mafuta ya nazi kinageuka chekundu kama tofali, ila kwa ukali hakina mwenzake. Kichwa cha nguru anakipasua kwa pigo moja. Adelard, fundi baiskeli ambaye Jumapili hutega ndezi msitu wa Pugu, alisema mpini unateleza ukilowa damu, na ala hunuka mvua ikinyesha. Lakini makali yanakaa. Amechuna paa wawili bila kukinoa.

"Kwani wewe unawinda nini, ndugu Kornelio?" aliuliza. "Pugu sijakuona hata siku moja."

Kornelio alisema ataanza Sabasaba, akipata likizo.

Gozbert alitoa jiwe, akakinoa kile kisu kidogo, kisha akanyoa nacho malaika ya mkono wake. Kisu kizima, alisema. Labda kuna mtu nyumbani anakifungulia makopo.

Hapo Kornelio alimgeukia Mwanaheri. Mbele ya foleni nzima alimwambia yeye ndiye anayeshinda nyumbani mchana kutwa wenzake wakiwa kazini, yeye ndiye anayeingia vyumba vya watu. Mwanaheri akamuuliza atakitakia nini kisu cha mtu naye anacho chake. Kornelio akamwita mwizi. Yule mama alikunja kikapu chake, akaondoka bila sukari.

Hakuwa mtu wa namna hiyo zamani. Katika kiwanda cha nguo alikofanya kazi walimpenda kwa utani wake. Alibadilika mwaka uliotangulia, watu wa kwao kusini walipohamishiwa kijiji kipya. Baba yake alikataa kuiacha mikorosho yake. Nyumba ikatiwa moto na vijana wa wilaya ili atoke. Mzee alilala nje kwenye mvua, akashikwa na kifua, na mwezi haukuisha akazikwa. Kornelio alikwenda kumchukua mama yake, Bi Eufrazia, akaja kukaa naye Manzese. Bi kizee hakuwahi kuisimulia siku ile. Yaliyotokea Kornelio aliambiwa na watu wengine, akarudi mjini kimya, na haukupita muda akanunua kisu.

Majirani walijua ana msiba, kwa hiyo walimvumilia. Lakini baada ya siku ile dukani, wengi waliacha kumsalimu.

Kisu hakuweza kwenda nacho kazini, maana langoni wafanyakazi walipekuliwa. Alikificha chini ya godoro. Akakihamishia juu ya mlango. Akakizika ndani ya gunia la mahindi. Kila aliporudi alikipitisha kwenye kucha, na kila mara kiliteleza kama ubao. Alimuuliza mama yake nani ameingia chumbani. Mama akasema hajaona mgeni yeyote. Kornelio alirudi kwa Gozbert, wakatupiana maneno mpaka akabadilishiwa kingine. Nacho kikawa hivyo hivyo. Aliwatukana Warusi, akalitukana duka, akaupiga teke mlango wa Mwanaheri. Chakula alikuwa hamalizi. Usiku alijigeuza kitandani akinung'unika mpaka alfajiri.

Sabasaba ilipokaribia, msafiri kutoka kusini alileta salamu. Fransis, mdogo wake Kornelio, amechaguliwa kuja na vijana wa wilaya yao kwenye sherehe, naye atapita kumwamkia mama. Kornelio alisema vema, na aje. Hasira zilimtulia ghafla. Hata utani kidogo ulimrudia, na Bi Eufrazia alimtazama muda mrefu.

Mkesha wa sikukuu kiwanda kilifungwa mapema. Kabla ya kwenda kazini Kornelio alikuwa amekinoa kisu mpaka kikapasua unywele, na sasa alidhamiria kumkamata anayekiharibu. Akapita njia ya nyuma, polepole, viatu mkononi. Alimpita Mwanaheri, ameinamia kikaango chake, anaparua samaki kwa kisu chake mwenyewe. Hakuinua macho.

Sauti ya chuma kukwaruza jiwe ilitoka upande wa pili wa nyumba.

Bi Eufrazia alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji, miguu ameinyoosha. Alikuwa akiyasugua makali ya kisu kwenye ukingo wa ngazi, kwenda na kurudi. Vidole vyake viwili vilikuwa vinatoka damu.

"Mama," alisema Kornelio. "Unafanya nini?"

Hakuacha kusugua.

"Tangu ulete kisu nyumbani, ukilala unamtaja mdogo wako," alisema. "Aliyewasha ule moto namjua, Kornelio. Nilikuwepo. Lakini mie nimezaa nyie wawili tu."

Alikigusa kisu kwa kidole gumba, akaridhika, akampa mwanawe.

"Fransis yuko ndani. Kamsalimie."