Kitabu cha Bama

Nilipomaliza kuwasomea kitabu cha vita vya Bama, ng'ambo ya Bara Hindi, wanawake waliokuwa wakichambua karafuu wakaanza kubishana.

"Uongo mtupu!" alisema mmoja. "Askari mzima aachwe mtoni, asizikwe?"

"Mie kimenipendeza," alisema mwenzake. "Nimelia mpaka basi."

Bi Mwatima, mmoja wao, aliacha kuchambua. Mumewe alikwenda Bama na jeshi la Mwingereza. Miaka kumi na sita hakurudi, wala haikuja barua. Kila Alkhamisi alipaka wanja akimngoja.

Sasa alivua vipuli, akaviweka juu ya makonyo, vile vijiti vilivyochambuliwa karafuu. Akaufuta wanja kwa vidole vilivyolowa mafuta ya karafuu mbichi, macho yakamwiva.

"Bi, hii ni hadithi tu," nikamwambia.

"Habari nyengine sikuletewa, mwanangu. Leo nakaa eda."