Sensa ya Kwanza

Taa ya injini iliwaka tena, na Siwema akalirudisha gereji gari la marehemu mumewe.

"Shangazi, gari hili limenipenda, haliniachi," alisema fundi Kibwana.

Kila taa ilipowaka, mashine ya kupimia ilitaja sensa ya oksijeni, kile kifaa kidogo kinachopima moshi wa injini, na mafundi wakaing'oa, wakafunga nyingine. Safari hii Kibwana alilimwagia bomba la moshi maji ya sabuni. Karibu na sensa, povu likafura kwenye ufa mwembamba.

"Kumbe bomba linavuja! Sensa ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo."

"Nanyi mkaing'oa."

"Si ndiyo iliyokuwa inalalamika, Shangazi?"

Siwema akainama kuutazama ule ufa. Mumewe naye alilalamikia moshi wa kiwandani. Mabosi wakamfukuza na kikohozi chake, kikamzika. Wakaajiri mwingine, naye sasa anakohoa. Moshi haujaguswa hadi leo.

"Ile sensa ya kwanza, aliyoiacha mume wangu, mliitupa wapi?"

Kibwana akaonyesha rundo la vyuma chakavu ukutani. Siwema akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akaanza kufukua, akikipangusa kila kichuma cheusi na kukiweka kando. Nyuma yake, taa ya injini ilikuwa bado inawaka.