Ulimi wa Kiwanda

Vikombe vitano vya supu vilipangwa mezani, na Mkemia akafungua faili lake kama hakimu anayejiandaa kusoma hukumu.

"Chumvi ya nukliotidi," alisoma, "hukoleza ladha ya nyama hata pale nyama yenyewe haijakanyaga."

Kwenye supu ya unga ya kiwanda chao, nyama haikuwahi kukanyaga.

"Ni unga mweupe. Hauna harufu. Huyeyuka upesi majini. Hauna sumu, lakini chombo chake lazima kiandikwe jina."

"Amina," akajibu Mzee Ulimi.

Huyo ndiye mwonjaji. Miaka ishirini na sita, hakuna pipa la supu lililotoka kiwandani bila kupita kinywani mwake. Alibakiza miwili tu astaafu. Sasa Mkemia, aliyeajiriwa mwezi uliopita na tayari anajua kila kitu, alikuwa amemshawishi Meneja anunue mashine ya kuonja.

"Mashine haiugui mafua, Meneja," alisema. "Mwaka jana mzee alilala wiki tatu."

Wakakubaliana hivi: kikombe kimoja kati ya vitano kimetiwa chumvi ile. Mzee akikitambua, anabaki. Akikosa, Jumatatu asije.

Mkemia alichanganya mwenyewe jikoni, Mama Chai akimshikia vikombe. Chumvi iliyobaki aliimimina kwenye kopo tupu la rafuni, kando ya sukari. Msomi hapotezi muda kutafuta chombo.

"Shemeji, usitutie aibu," Mama Chai alimtania mzee, maana yeye aliolewa na mdogo wa mzee. "Ukifukuzwa hapa, utahamia kwetu, na mimi sina kitanda cha ziada."

Mzee akaanza kuonja. Waonjaji wengine hufumba macho. Yeye aliyatoa pima, akiyaelekeza mlangoni, Mama Chai aliposimama na sinia lake.

"Supu iko kwenye kikombe, mzee, haiko mlangoni," Mkemia akasema.

"Ulimi una mambo yake, binti."

Cha kwanza, akakirudisha mezani. Cha pili, akakirudisha. Cha tatu, Mama Chai akahamishia sinia mkono wa kushoto. Lilikuwa tupu, lakini labda lilimwelemea, maskini. Mzee akaonja cha nne na cha tano kwa heshima tu, kisha akarudi nyuma.

"Hiki cha tatu."

Meneja akamgeukia Mkemia. Mkemia akaligeukia faili.

"Mzee, wewe utatuzika wote humu!" Meneja akacheka, akampa mkono. "Mama, tuletee chai, na usiibanie sukari."

Chai ikaja. Mkemia, asije akaonekana ana kinyongo, akapiga funda kubwa. Nusura alirudishe kikombeni. Chai ilikuwa na ladha ya mchuzi wa ng'ombe. Meneja tayari alikuwa dirishani, anatema.

"Lile kopo la rafuni..." Mkemia akanong'ona, na Mama Chai akajishika mdomo.

Mezani alibaki mtu mmoja tu anayekunywa. Mzee Ulimi alikikausha kikombe chake, akajifuta midomo, akakisogeza mbele.

"Shemeji, leo sukari umeipatia. Hebu niongeze."