Kikohozi kwa Kiingereza

"Sema tena," mume alisema, akigonga meza kwa kalamu.

"Kof," mke alijibu bila kuinua macho. Alikuwa akipiga pasi.

"Si kof. Ni kau!"

Neno lenyewe alikuwa ameliandika nyuma ya kalenda kuukuu: *cough*. Muuguzi asiyeweza kutamka kikohozi ataenda kufanya nini kwenye hospitali ya ng'ambo? Mara mbili mkewe alikuwa amerudi na habari za kufeli mtihani wa kuzungumza. Wa tatu ulikuwa kesho asubuhi, na wa nne haukuruhusiwa.

"Daktari wetu wodini anasema kof."

"Aliyefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa ni daktari wenu au mimi?" Akaandika neno jingine chini yake: *bough*. "Tawi la mti. Linatamkwaje?"

"Bau."

"Haya! Si herufi zilezile? Bau, kau."

"Na *enough* je, Mwalimu? Mbona hiyo ni inaf? Na *though* ni dho. Herufi nne hizohizo, kila neno na lake. Hawa watu waliandika huku wanasinzia?"

Siku nyingine mume angecheka. Leo aliinamia kalenda. Miezi minane alikuwa akimfundisha mkewe matamshi, na katika kila maneno matano alipenyeza moja la uongo. Akibishiwa, alijificha kwenye kichaka hichohicho: Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa. Kamusi alisema ameiazimisha, kumbe ameifungia kabatini shuleni.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu. Aliogopa vyumba viwili vyenye kikombe kimoja mezani, na mke wa kusikika kwenye simu inayokatika-katika. Akifeli, atabaki. Hesabu yake ilikuwa hiyo na haikumpa usingizi.

Mke alitundika shati la nne la mumewe, akachukua la tano.

"Hata la Ijumaa unalipiga pasi leo?"

"Umeme upo, acha nimalize. Haya, niulize *tomb*."

Mume aliitazama ile kalenda. *Comb* ni kom, *bomb* ni bom, na jibu la uongo lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mkewe alikuwa amesimama na pasi mkononi, jasho likimchuruzika shingoni, akimsubiri kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika mwisho hapohapo.

"Tum," alisema. "Ni tum. Na kikohozi ni kof, kama ulivyosema mwenyewe. Nimekufundisha makosa, mke wangu, tena makusudi. Mara zote mbili ni mimi niliyekufelisha." Sauti ilimtoka vipande vipande. "Sikutaka uende. Nisamehe. Jua bado halijazama, tukae tuyarudie yote upya. Kesho utafaulu, naapa utafaulu."

Mke alichomoa pasi ukutani, akaisimamisha. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Nilijua, nikangoja useme mwenyewe. Ungeniambia hata wiki iliyopita," alisema taratibu. "Nilifaulu ule wa kwanza kabisa, Mwalimu. Kesho asubuhi napanda ndege."