Kwa Nini Kanga Hakumtaja Korongo

Hapo zamani wanyama walipokuwa na watafiti wao, mtafiti aliyetumia ugunduzi wa mwenzake alilazimika kumtaja jina mbele ya wote. Korongo, mtafiti wa saratani, ndiye aliyetajwa zaidi, naye aliringa mpaka shingo ikamrefuka.

Siku ya mkutano Kanga alisimama, akasema, "Kuna jani tunalowapa wagonjwa wa uvimbe. Nimeona linaharibu ini. Walio nalo waache kulitafuna."

Korongo akaruka. "We Kanga! Jani hilo nililigundua mimi. Mbona hunitaji? Huo ni wivu, dada!"

"Mtaje mwenye jani!" Fisi akapiga kelele, na wengine wakacheka.

Digidigi, aliyekuwa na uvimbe shingoni na jani hilo mdomoni, akashusha pumzi. "Kumbe ni la Korongo! Basi halina neno." Akaendelea kutafuna.

Kanga akamsogelea Korongo, akamnong'oneza, "Kaka, jani hilo limemuua mama yake Swala. Nilificha jina lako ili usiaibike."

Korongo akaficha uso ndani ya bawa. Alitamani ardhi immeze. Lakini sauti ya Digidigi akitafuna ilimfikia hata humo.

"Digidigi mwanangu, tema," akasema akiinua kichwa. "Jani ni langu, na kosa ni langu."

Digidigi akatema. Kanga akampelekea maji asukutue, kisha akaenda kuketi karibu na Korongo, maana hakuna mwingine aliyetaka kuketi hapo.